Sinema Godoroni

Mukono, 9 Februari 2024

Ssentongo, mwanangu Kiggundu anasikika kwenye simu za watu. Si redioni. Redioni hata muuza dawa ya kunguni anaingia akilipa. Hii inaitwa podikasti: mtu anaitafuta mwenyewe kwenye simu yake, anabonyeza, na mwanangu anaanza kusema. Jana mwanamke nisiyemjua kaja dukani kutafuta godoro la futi nne, kamsikia Kiggundu akimjibu mteja mwingine, kaliacha godoro, kauliza, "Wewe si yule wa sinema?" Nikajibu mimi kabla yake. Nikasema ndiye, na mimi ndiye niliyemzaa.

Haya, nimekula kabla ya kunawa. Hujambo, mdogo wangu? Tumuhairwe mkeo hajambo? Baridi ya Kabale imewaachia masikio? Sisi wazima. Goti langu la kushoto linauma mvua ikikaribia, nami nawaambia majirani waanue nguo, na bado sijakosea. Kaburi la mama tulilifyeka mwezi uliopita, likapendeza. Wewe ulikosekana, kama mwaka juzi na jana.

Sasa nikueleze. Kiggundu ana rafiki, Ayikoru, binti wa Arua anayetengeneza simu katika kibanda kinachotazamana na duka langu. Najua unalotaka kuuliza. Nilimuuliza mwenyewe. Akanijibu, "Mama Kiggundu, mwanao namjua mno, siwezi tena kumpenda." Basi ni marafiki. Kila Jumatano wanatazama filamu moja, na Jumapili baada ya ibada wanaketi kubishana juu yake huku wakijirekodi. Hakuna anayewalipa. Kiggundu anasema ni kujifurahisha tu, kama wengine wanavyocheza mpira.

Wanarekodia katika stoo yangu. Ayikoru alizunguka nyumba za watu akipiga makofi, anatafuta chumba kisichomjibu. Alipopiga kofi katikati ya magodoro yangu, sauti ikafia pale pale. Akasema, "Mna studio humu, nyinyi mnauza usingizi." Ndiyo maana wameiita Sinema Godoroni. Mimi naketi mlangoni kufukuza kuku.

Na kila wanapoanza, Kiggundu anasema, "Mimi nililelewa na Vijei Njovu." Ni wewe huyo. Anawaeleza wasiokujua vijei ni kazi gani, na jinsi ulivyokaa na maikrofoni yako kwenye kibanda cha video cha Mayanja, Mchina anasema lake na wewe unapunguza sauti yake na kusema lako kwa Kiganda, mpaka Wachina wote wakawa watoto wa Mukono. Natokwa na machozi kila Jumapili, na mimi si mtu wa machozi.

Basi njoo Pasaka. Kaa katikati ya magodoro, useme nao saa moja tu. Napiga simu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu, na darasa langu la sita unalijua. Barua hii anakuletea Byaruhanga, yule wa lori la viazi. Mpe majibu akirudi.

Dada yako,
Nakibuule


Kabale, 3 Machi 2024

Dada Nakibuule,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Tumuhairwe anakusalimu, anasema ndizi za gonja ulizotuma zilifika zimeiva na hazikumaliza siku mbili.

Simu yangu ilianguka kwenye pipa la maji kule kitaluni. Barua zinatosha. Mtu akiandika anafikiri kwanza.

Pasaka sitaweza. Miche ya misonobari inataka mtu wa kuiangalia, na mvua zimeanza. Mwambie Kiggundu nimefurahi. Mwambie pia asilitaje sana jina langu, kwani Vijei Njovu alikwisha pamoja na kaseti. Huyo binti anayepigia kuta makofi ana akili, msimpoteze.

Nimewapa gunia la viazi. Menyeni maganda membamba.

Ssentongo


Mukono, 28 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Pasaka imepita. Nilipika luwombo ya kuku kwenye majani ya mgomba, nikakuwekea sehemu yako, na Kiggundu akaila bila kuuliza ni ya nani. Viazi ni vizuri. Mke wa mchungaji kavisifu, nikamwambia ndugu yangu ndiye mwenye Kabale.

Nina habari mbili, moja ya kuchekesha na moja unisamehe.

Unaikumbuka ile picha ya Wachina, kijana aliyeuzwa utotoni na dada yake anayemtafuta miaka yote? Yule kijana ulimwita Mukasa. Kiggundu aliitazama kwako ana miaka tisa. Safari hii wameitafuta wakaitazama tena na Ayikoru, bila wewe. Mukasa kafika kwenye daraja, kapigwa mshale, katumbukia mtoni. Kiggundu anamwambia mwenzake, "Tulia, atatoka sasa hivi." Maji yanapita tu. Dada mtu amesimama kwenye daraja. Halafu maandishi yakaanza kupanda.

"Katoka wapi?" Ayikoru akauliza. "Haya ni majina ya waliowapikia chakula. Imeisha, Kiggundu."

"Haijaisha. Anatoka upande wa mianzi, shati la bluu limemganda mwilini. Anapanda basi, anafika kwa dada yake, wanakula luwombo."

"Wachina wanakula luwombo?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

Wakarudisha nyuma mara tatu. Mukasa kafa. Mwanangu mwenye miaka thelathini na moja kakaa juu ya godoro kama aliyefiwa. Wakaenda kuwauliza watu. Mayanja anasema alimwona akitoka mtoni. Nansamba wa saluni anaapa kwamba alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Nami, Ssentongo, nilikuwa mlangoni nakata tiketi siku ile, na lile shati la bluu naliona mpaka leo. Ayikoru alicheka mpaka wakasimamisha kurekodi. Podikasti hiyo ndiyo iliyosikilizwa na watu wengi kuliko zote, mia nne na zaidi.

Sasa hilo la pili. Walipokuwa wanabishana niliingia na chai, nikaona wanahangaika bure. Nikainama kwenye maikrofoni nikasema, "Muulizeni mwenyewe. Ndugu yangu Vijei Njovu anakuja hapa, aeleze kwa mdomo wake." Hawakulikata, wakalirusha lilivyo. Sasa sokoni hawanisalimu, wananiuliza tu, "Lini?" Mayanja anataka kuhamisha magunia ya mahindi anayoyaweka kwenye kile kibanda ili watu wakae kama zamani. Nimekwisha kusema. Usiniache na aibu.

Nilipiga simu ya Tumuhairwe Jumapili, saa ya ibada. Akasema uko kitaluni. Nikasikia mtu nyuma yake akipiga makofi mawili, naye akakata. Siku hizi mnafuga njiwa?

Nakibuule


Kabale, 2 Juni 2024

Dada,

Hatujambo. Barua yako ilichelewa, barabara ilikatika.

Kwanza habari ya Mukasa, kwa kuwa Kiggundu anastahili kujua. Zilikuwa kaseti mbili. Ile ya pili mashine iliitafuna siku hiyo hiyo, Mukasa akiwa hewani bado hajagusa maji. Kioo kikawa cheusi. Watu mia na ishirini ndani, wamelipa, na wewe mlangoni na kikapu cha tiketi. Mwisho wake sikuujua, sikuwahi kuuona. Nikaendelea kusema. Nilisema kama dakika kumi kwenye kioo cheusi, nikamtoa mtoni, nikampa shati, nikampandisha basi, nikamfikisha nyumbani. Hakuna aliyenyanyuka. Hicho mnachokumbuka wote hamkukiona, mlikisikia.

La pili. Hukuniuliza. Tangu tukiwa watoto unanisemea. Mwalimu alikuwa akiniuliza jina, unajibu wewe kutoka dawati la nyuma. Umewaahidi watu kitu kisicho chako. Siji. Waambie nimekataa, au waambie nimekufa, upendavyo, ila usiwaahidi tena.

Ssentongo


Mukono, 7 Julai 2024

Ssentongo,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako nilikasirika nayo wiki nzima. Nilikuwa nimekuandikia majibu ya kurasa nne, yote matusi, mengine ya kurithi kwa baba. Nilipompa Byaruhanga, nikamuuliza hivi hivi tu, "Ndugu yangu anakula vizuri?" Akasema, "Anakula. Ila kuandika kwenye kile kibao siku nzima kunamchosha."

"Kibao gani?"

Akayatazama magunia yake. "Mama, mimi ni mtu wa viazi."

Nikamwambia hashushi gunia hata moja mpaka aseme. Akasema.

Zile kurasa nne nimezichoma. Nilifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo sijafanya tangu mama alipokufa. Kiggundu kaniuliza kulikoni, nikasema goti.

Sijamwambia mtu. Niandikie wewe mwenyewe.

Dada yako


Kabale, 11 Agosti 2024

Dada Nakibuule,

Nimeanza barua hii mara tano.

Ilianza kama mafua yasiyopona. Sauti ikawa ya chura, tukacheka. Mwaka juzi mwezi wa Novemba walinipasua koo, wakatoa kiungo kinachotoa sauti pamoja na uvimbe. Uvimbe haujarudi, kila miezi sita wananiangalia. Napumulia kwenye tundu shingoni. Nalifunika kwa skafu, na hapa Kabale kila mtu ana skafu, hivyo hakuna anayenitazama mara mbili. Nakula kila kitu. Kwa Tumuhairwe napiga makofi: moja ni njoo, mawili ni hapana. Ndio njiwa uliowasikia. Kwa wengine nina kibao na chaki.

Sina maumivu. Miche haihitaji kusemeshwa.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Wewe ukijua saa moja asubuhi, saa mbili Mukono nzima inajua, saa tatu mchungaji anatangaza, na kufikia Jumapili wangekuwa wamekodi basi kuja kunililia. Huko watu wananikumbuka nikinguruma. Nilitaka abaki mahali fulani mtu anayenikumbuka hivyo. Halafu Kiggundu akaanza kunitaja kila Jumapili. Tumuhairwe ananiwekea simu nasikiliza, dada. Sijakosa hata moja. Yule binti anamshinda kwa hoja, lakini sauti ya mwanao ni yangu kabisa. Ananitia wivu na fahari, sijui kipi kinatangulia.

Siwezi kukaa mbele ya maikrofoni nikipiga makofi. Unaelewa sasa.

Ssentongo


Mukono, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Tundu lako halijambo? Tumuhairwe namshukuru, na nitamshukuru kwa kitenge nikimwona.

Kwanza ujue kwamba nimenyamaza. Kuanzia ile siku ya Byaruhanga hadi leo ni siku sabini. Mimi. Andika mahali. Kwenye kikundi cha akina mama wameniuliza habari zako, nikasema ana kazi nyingi, nikatia andazi mdomoni. Nansamba wa saluni kasema, "Nakibuule siku hizi umepoa, unaumwa?" Sokoni wanasema nilidanganya kuhusu kuja kwako, nimewaacha waseme. Hakuna mwanamke Mukono anayeweza kunyamaza kama mimi, na siwezi hata kumwambia mtu, ndiyo shida yake.

La pili, ulisema kweli. Niliuza godoro ambalo halikuwa dukani mwangu. Na yule mwalimu nilikuwa namjibu kwa sababu ulikuwa unaogopa, si kwa sababu sikukuheshimu. Lakini hukuwa unaogopa miaka yote, na mimi sikuacha.

La tatu ni swali, na safari hii nauliza. Walikukata koo, lakini kichwa hawakukigusa, au vipi? Yale maneno yalikuwa yanatoka wapi? Wewe mwenyewe umeandika kwamba hatukuona kitu, kioo kilikuwa cheusi. Basi hata sisi hatukuwa tunakutazama wewe. Kiggundu ana sauti, umeikubali mwenyewe. Hana maneno. Anasoma kama anayesoma risiti.

Sitamwambia. Ukitaka ajue, mwandikie wewe. Usipotaka, nitanyamaza mpaka nizikwe, na kwenye mazishi yangu utakuja ukapige makofi mawili.

Dada yako,
Nakibuule


Kabale, 20 Oktoba 2024

Dada,

Sisi wazima. Mvua ni nyingi, miche imepona.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ya Kiggundu. Mpe mkononi. Barua ya kwanza ni ya kumweleza, ukurasa mmoja. Kurasa kumi na moja zinazofuata ni Mukasa, kuanzia darajani mpaka luwombo, kama nilivyosema siku ile na mengine niliyosahau kusema. Tumuhairwe alikuwa ananiletea chai naikuta imepoa.

Nitakuja. Sikilizeni masharti, na usiyapunguze wala kuyaongeza.

Picha itaonyeshwa kwenye kibanda cha Mayanja, si godoroni. Kiggundu atakaa kwenye maikrofoni. Mimi nitakaa pembeni yake nikishika kitufe cha sauti, maana kazi ya vijei nusu yake ni mkono, kujua lini Mchina anyamaze. Akichelewa kusema nitampiga teke, kwa hiyo avae suruali nzito. Mukasa akianguka kutoka darajani, Ayikoru azime kioo. Kiwe cheusi kama siku ile.

Ayikoru awaambie watu habari yangu kabla sijaingia, kwa maneno machache, ili asiwepo wa kuniuliza kitu. Hakuna hotuba. Hakuna kulia mbele yangu, wakalilie nje kwenye mahindi.

Na maneno ya dada yake Mukasa, pale Mukasa anapobisha hodi, usiyampe Kiggundu. Yasome wewe. Nimeyaandika kwa herufi kubwa.

Siku pangeni nyinyi.

Ssentongo


Mukono, 24 Novemba 2024

Ssentongo, ndugu yangu,

Salamu kwenu nyote wawili. Goti limenyamaza, kwa hiyo mvua bado.

Kiggundu aliisoma barua yako amesimama mlangoni. Alipomaliza akaikunja mara nne, akaingia stoo, akafunga mlango. Nikataka kumfuata. Ayikoru akanishika mkono, akasema, "Mwache, Mama. Mle sauti haitoki." Tukauza magodoro mawili tukimsubiri. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema, "Mjomba ameandika kwamba nasoma kama karani." Nikasema nilidhani risiti. Akacheka, tukajua amepona.

Tangu hapo kila jioni anafanya mazoezi. Ayikoru anaigiza wewe, anampiga teke, na nahisi anapiga zaidi ya inavyotakiwa. Juzi nilikuwa nje napanga mito, nikasikia sauti yako kutoka ndani, ile ile, inasema, "Maji ya mto huu hayajui kuogelea kuliko mimi." Mito ilinidondoka. Kwa jinsi alivyo sasa, hakuna vijei anayemfikia kutoka hapa mpaka Jinja, na mimi si mtu wa kujisifu.

Ayikoru aliwaambia watu kwenye podikasti Jumapili iliyopita. Maneno machache, kama ulivyotaka: kwamba Vijei Njovu alipasuliwa, hasemi tena, anakuja kuendesha sauti, na atakayemwonea huruma alipe mara mbili. Hilo la mwisho ni lake mwenyewe, nikaliacha. Hakuna aliyekodi basi. Nansamba aliuliza tu kama atapata kiti cha mbele. Mayanja amehamisha mahindi yote, kafagia, kakuta chini ya mkeka tiketi za zamani zenye mwandiko wangu. Nimezichukua. Nitaketi mlangoni na kikapu kile kile, mpaka Mukasa abishe hodi, ndipo niingie.

Maneno yangu nimeyasoma mara nyingi. Ni mistari minne tu. Nilitaka kukuomba mingine, maana sauti yangu unaijua, lakini mstari wa tatu siufikishi mwisho bila kusimama, kwa hiyo minne inatosha.

Kuku wa luwombo nimekwisha kuwafunga, wawili, mmoja ni wako mzima na Kiggundu ameonywa. Kitanda chenu kina godoro jipya, inchi nane, lile nisilomuuzia mtu. Byaruhanga ameapa kwamba Ijumaa hapakii viazi kiti cha mbele, ninyi wawili mtakaa hapo. Skafu uje nayo au usije nayo, Mukono kuna joto.

Mchungaji anakuja, Mayanja na wanawe, Nansamba, akina mama wa kikundi wote, wasikilizaji ambao hata sura zao hatuzijui, na mama yake Ayikoru anasafiri kutoka Arua. Tunakusubiri Jumamosi, tarehe 14 Desemba, saa nane mchana.